Huduma kwa watumiaji wa uBlock Origin: ukiripoti vizuri, unatibiwa haraka

uBlock Origin ni kiendelezi, yaani programu ndogo inayoongezwa kwenye kivinjari ili kuzuia matangazo, na haina namba ya simu ya huduma kwa wateja. Haina kidirisha cha gumzo wala ofisi, na wanaojibu hawalipwi. Pamoja na hayo, mtu akiripoti asubuhi kwamba tovuti fulani imeharibika, na akaripoti kwa ukamilifu, si ajabu kukuta jioni tatizo limeshatibiwa na dawa imewafikia watumiaji wengine bila yeyote kupakua toleo jipya la kiendelezi. Kampuni nyingi zinazolipisha kwa mwezi haziwezi hilo. Lakini huduma hii ina masharti yake, na asiyeyajua hutoka amekasirika akidhani amepuuzwa. Tathmini hii inahusu huduma hiyo tu: milango yake, namna ya kuitumia, inapokwama na kwa nini.

Kabla ya yote, hakikisha ulichonacho ndicho chenyewe. Raymond Hill alitoa toleo la kwanza mwaka 2014 kwa jina la uBlock. Mwaka 2015 alimkabidhi mtu mwingine mradi, mambo hayakwenda alivyotarajia, akaendelea na nakala yake mwenyewe ya mradi aliyoiita uBlock Origin. Ile uBlock tupu ikabaki na njia yake: mwaka 2018 ilinunuliwa na AdBlock, kizuia-matangazo kingine, na mwaka 2019 ikaanza kuruhusu yale yanayoitwa matangazo yanayokubalika. Kwa hiyo mtu aliyeweka uBlock tupu, akaona matangazo yanapita, kisha akaja kuomba msaada huku, hawezi kusaidiwa. Tazama jina lote, neno Origin likiwemo, na tazama kwamba mtengenezaji ni Raymond Hill.

Jambo la pili la kulielewa ni pesa. Mradi huu hauchukui michango. Ukurasa wake unasema wazi kwamba haiombwi, na anayetaka kutoa kitu anashauriwa awape wanaotunza orodha za vichujio. Maana yake kwa mtumiaji ni hii: anayekujibu anatumia muda wake wa jioni, hana faida yoyote kwako, na hana sababu ya kukubembeleza. Msimbo uko wazi chini ya GPLv3, leseni ya programu huria, kila ripoti inaonekana na kila mtu, na kila badiliko lina tarehe na aliyelifanya. Ukiripoti jambo unaweza kulifuatilia mwenyewe mpaka mwisho wake.

Milango ya msaada imekusanywa mahali pamoja. Bonyeza alama ya kiendelezi, kisha alama ya magurudumu yenye meno kufungua dashibodi, kisha kichupo cha Support, cha pili kutoka mwisho. Utakuta njia nne: nyaraka, ambazo ni wiki pana iliyoko GitHub (tovuti ambako msimbo wa programu huhifadhiwa na kujadiliwa), mahali pa maswali ya kawaida, ambapo ni Reddit, mahali pa matatizo ya vichujio, panapoitwa uAssets, na mahali pa hitilafu za kiendelezi chenyewe, panapoitwa uBlock-issues.

Wengi hukosea hapo mwisho, kati ya kichujio na kiendelezi. Kiendelezi ni mashine. Vichujio ni orodha ya maagizo inayosomwa na mashine hiyo. Tovuti moja ikionyesha tangazo, au ikigoma kucheza video, au ikikuambia “zima kizuia-matangazo chako”, tatizo ni la vichujio na mlango wake ni uAssets. Kidirisha kikikataa kufunguka, mipangilio ikipotea kila ukifunga kivinjari, au kitufe kikiwa hakifanyi kazi kwenye tovuti zote, hiyo ni hitilafu ya mashine na mlango wake ni uBlock-issues. Ripoti ya tovuti moja ikipelekwa uBlock-issues hufungwa au huhamishwa. Asiyejua huona kama dharau, kumbe amepanga foleni ya dirisha lisilo lake.

Kwa bahati nzuri, kwa matatizo ya tovuti huhitaji kukumbuka jina la mlango wowote. Ukiwa kwenye ukurasa wenye tatizo, bonyeza alama ya kiendelezi, tazama safu ya vialama iliyo chini, bonyeza kile chenye umbo la puto la maneno. Kama safu hiyo haionekani yote, panua kidirisha kwa neno More. Hii ndiyo sehemu bora kabisa ya huduma nzima na inafaa kuelezwa kwa karibu.

Ukikibonyeza, unafunguliwa ukurasa wa ripoti ambao tayari una anwani ya tovuti. Unakumbushwa kwanza usasishe orodha za vichujio na uhakikishe tatizo bado lipo baada ya kupakia ukurasa upya. Usiruke hatua hii. Orodha hubadilika kila siku, na ripoti nyingi huhusu jambo lililokwisha kurekebishwa saa chache kabla. Chini yake kuna menyu ya anwani: unaweza kuacha anwani ndefu au kuchagua fupi yenye jina la tovuti tu. Chagua ndefu kama tatizo liko kwenye makala moja mahususi. Chagua fupi kama anwani ina namba za akaunti au msimbo wa kikao, kwa sababu ripoti itasomwa na yeyote. Kisha unachagua aina ya tatizo: kuna matangazo au mabaki yake, kuna vizuizi vinavyofunika ukurasa, tovuti inatambua kiendelezi, kuna suala la faragha, tovuti haifanyi kazi kiendelezi kikiwaka, inafungua vichupo ambavyo hukuviomba, au inaelekeza kwenye ulaghai na programu hasidi. Kuna pia kisanduku cha kuonya kwamba ukurasa una picha za utupu. Kikihitajika, kiwekee alama, maana mtu atafungua ukurasa huo mbele ya watoto wake.

Halafu kuna vitufe viwili. Cha kwanza hutafuta ripoti zinazofanana, cha pili huanzisha ripoti mpya. Anza na cha kwanza daima. Ukikuta ripoti iliyo wazi kuhusu tovuti hiyo hiyo na tatizo hilo hilo, isome. Mara nyingi imeshaandikwa suluhisho la muda. Ukikuta iliyofungwa jana kwa neno “fixed”, sasisha orodha zako badala ya kuandika. Ukikosa, ndipo unabonyeza cha pili, unapelekwa GitHub, na fomu imeshajazwa sehemu kubwa. Lazima uwe na akaunti ya GitHub. Ni bure, lakini ni kizuizi, na tutalirudia.

Ndani ya fomu hiyo kuna kipande cha maandishi ambacho wengi hukifuta kwa kuogopa kwamba kinavujisha siri zao. Kisome kabla hujakigusa. Mstari wa kwanza ni toleo la uBlock Origin, wa pili ni kivinjari na toleo lake. Kisha unaona idadi ya vichujio vilivyopakiwa, kisha orodha unazotumia zikiwa katika mafungu matatu: ulizoondoa, ulizoongeza, na za kawaida, kila moja na muda iliposasishwa mara ya mwisho. Kama umeandika vichujio vyako mwenyewe, idadi yake hutajwa ila maneno yake hufichwa. Hamna neno la siri, hamna historia ya kurasa ulizotembelea. Kwa mhudumu, kipande hiki ni sawa na vipimo vya maabara kwa daktari: kwa sekunde 10 anaona kwamba umeongeza orodha 15 zisizo za kawaida, au umezima orodha ya msingi, au hujasasisha kwa wiki mbili. Ukikifuta, swali la kwanza utakaloulizwa litakuwa hicho hicho ulichokifuta, na umepoteza siku.

Baada ya hapo kuna nafasi ya kueleza. Sentensi tatu zinatosha, mradi ziwe hizi: umefanya nini, ulitarajia nini, umeona nini. “Tovuti haifanyi kazi” haina maana kwa mtu aliye upande mwingine wa dunia. “Nimefungua makala, nikabonyeza kitufe cha kucheza, duara linazunguka bila video kuanza, nikizima kiendelezi na kupakia upya, video inaanza” inamtosha kabisa. Weka na picha ya skrini, ukiwa umeshafunika jina lako na salio lako kama yanaonekana.

Kwa nini dawa hufika haraka? Kwa sababu haingoji toleo jipya la kiendelezi lipitishwe na duka. Mtu wa uAssets akiandika kichujio kipya, huingia kwenye mojawapo ya orodha za mradi. Yanayohitaji haraka huwekwa kwenye orodha ndogo ya marekebisho ya dharura, ambayo kiendelezi huisasisha mara nyingi kuliko nyingine. Siku hizi baadhi ya orodha hupokea vipande vilivyobadilika tu badala ya kupakua orodha nzima, jambo jema kwa anayehesabu bando. Nguvu ya mfumo huu ilionekana wazi kuanzia Oktoba 2023, YouTube ilipoanza kuwabana kwa wingi wenye vizuia-matangazo. Msimbo wa YouTube ulikuwa ukibadilishwa mara kwa mara, wakati mwingine zaidi ya mara moja kwa siku, na watu wa kujitolea wakawa wanajibu kwa kasi hiyo hiyo huku wakiwarudia watumiaji maagizo yale yale: ondoa vizuia-matangazo vingine, rudisha mipangilio ya kawaida, sasisha orodha, pakia upya.

Maagizo hayo yana sababu, na ukizijua utajihudumia mwenyewe mara nyingi kuliko unavyodhani.

Kosa linaloongoza ni kuweka vizuia-matangazo viwili. Mtu hufikiri viwili ni bora kuliko kimoja, kama kufuli mbili mlangoni. Kumbe vinahujumiana. Tovuti nyingi zinazotambua vizuia-matangazo hupima kama faili fulani la matangazo limepakiwa. uBlock Origin hailizuii tu. Mara nyingi hulibadilisha kwa faili tupu lisilo na madhara, ili tovuti ione limefika na iridhike. Kizuizi cha pili, kisichojua mbinu hiyo, hulikata faili moja kwa moja. Tovuti inaona pengo, inakufungia mlango, na wewe unailaumu uBlock Origin. Hali hiyo hiyo huletwa na kizuizi kilichojengwa ndani ya baadhi ya vivinjari, na pia huduma za DNS (zinazotafuta anwani za tovuti) zinazozuia matangazo kwenye simu au ruta. Kabla ya kuripoti, zima vyote vibaki kimoja.

Kosa la pili ni kuwasha kila orodha unayoiona. Dashibodi ina orodha nyingi, na vijisanduku vitupu humvuta mtu kuviwekea alama. Zile zilizowashwa tangu mwanzo zimechaguliwa kwa sababu zinapatana: orodha za mradi wenyewe, EasyList, EasyPrivacy, orodha ya Peter Lowe na ile ya anwani hasidi. Ukiongeza nyingine 20, vichujio vinaanza kugongana, vya kuruhusu vikifutwa na vya kuzuia, na mhudumu hawezi kurudia tatizo lako kwenye mashine yake. Kwa mabango ya kukubali vidakuzi, washa orodha za kero zinazohusu vidakuzi tu, basi.

La tatu ni dirisha la faragha. Kivinjari hakiruhusu kiendelezi ndani yake mpaka mwenyewe ukubali. Kwenye Firefox nenda kwenye ukurasa wa viendelezi, fungua uBlock Origin, ruhusu kitumike kwenye madirisha ya faragha. Tatizo hili halihitaji ripoti hata kidogo.

La nne ni ukurasa wa onyo unaotokea ukibonyeza kiungo, hasa kilichotumwa kwa barua pepe, ukikuambia ukurasa umezuiwa. Viungo vya namna hiyo hupitia kwanza kwenye anwani ya wafuatiliaji ndipo vikakufikisha. Soma onyo: limeandikwa kichujio kilichozuia na orodha kinakotoka. Unaweza kuruhusu kwa muda au kwa kudumu. Kwa kiungo unachokiamini, ruhusu kwa muda.

Kuna jaribio moja linalomaliza ubishi wote, na wahudumu watakuomba ulifanye kama hujalifanya. Bonyeza kitufe kikubwa cha kuwasha na kuzima kwenye kidirisha, pakia ukurasa upya, tazama. Tatizo likibaki, kiendelezi hakihusiki. Likiondoka, kinahusika, ila hujajua kama ni chenyewe au mipangilio yako. Kwa Firefox, andika about:profiles kwenye upau wa anwani, tengeneza wasifu mpya, weka uBlock Origin peke yake bila kugusa kitu, fungua tovuti ile. Ikifanya kazi vizuri humo, kosa liko kwenye wasifu wako wa zamani: kiendelezi kingine, kanuni uliyojiwekea, au orodha ya ziada. Hapo nenda kwenye kichupo cha mipangilio, hifadhi nakala kwenye faili kwanza, kisha rudisha mipangilio ya awali. Wanaoruka kuhifadhi nakala hupoteza vichujio walivyoandika kwa miaka.

Kwa anayetaka kwenda mbele zaidi kuna daftari la kumbukumbu, linalofunguliwa kwa kialama cha mistari karibu na kile cha ripoti. Lifungue, pakia ukurasa upya, na utaona kila ombi linalotoka kwenye kivinjari likiandikwa mstari wake. Yaliyozuiwa yana rangi nyekundu. Bonyeza mstari mwekundu na utaonyeshwa kichujio gani kimezuia na kiko kwenye orodha ipi. Ukiambatisha mistari miwili mitatu ya namna hiyo kwenye ripoti, umemfanyia mhudumu nusu ya kazi. Daftari lina kitufe cha kutoa yaliyomo kama maandishi au jedwali, kwa hiyo huna haja ya kupiga picha.

Sasa tufike nyumbani. Ndani ya dashibodi kuna orodha za kikanda kwa lugha nyingi: Kiarabu, Kijerumani, Kifaransa, Kituruki, Kivietinamu, nyinginezo. Ya Kiswahili haipo, wala ya Afrika Mashariki. Matangazo yanayosambazwa na mitandao mikubwa ya kimataifa yatazuiwa kwenye tovuti za Dar es Salaam na Nairobi sawasawa na za London, maana anwani ni zile zile. Kinachopita ni matangazo yanayowekwa na tovuti yenyewe: bango la kampuni ya kubeti lililopakiwa kwenye seva ile ile ya gazeti, au kisanduku kinachoelea juu ya habari. Kichujio cha jumla hakiwezi kulitambua hilo. Anahitajika mtu aliyeliona, na anayeliona ni msomaji wa Kiswahili. Asiporipoti yeye, hakuna mhudumu wa Ulaya atakayefungua tovuti hiyo kwa bahati.

Suluhisho la muda linachukua dakika moja. Bonyeza kialama cha kidonezi cha wino kwenye kidirisha, gusa lile bango, na utaona limefunikwa kwa rangi pamoja na pendekezo la kichujio pembeni. Kina umbo la namna hii:

mfano.co.tz##.bango-juu

Kushoto ni tovuti, alama mbili za reli zinasema “ficha”, na kulia ni jina la kisanduku ndani ya ukurasa. Kuwa mwangalifu na majina marefu yenye herufi na tarakimu zilizochanganyika ovyo: tovuti nyingine huyazalisha upya kila siku, na kichujio chako kitakufa kesho. Sogeza kitelezi mpaka upate jina fupi lenye maana, hakikisha halifichi habari yenyewe, kisha thibitisha. Linaingia kwenye kichupo cha vichujio vyako. Likifanya kazi kwa siku kadhaa, ripoti tovuti hiyo na uandike kichujio hicho ndani ya maelezo. Ripoti yenye tatizo na pendekezo la dawa ni rahisi kushughulikia hata kwa mtu asiyejua neno moja la Kiswahili.

Kialama cha radi kilicho jirani hufanya kazi tofauti: huondoa kitu kwa mara hiyo tu, na ukipakia upya kinarudi. Kitumie kwa kizuizi kilichofunika ukurasa unaousoma mara moja maishani.

Huduma hii hukwama zaidi kwenye tovuti za kuingia kwa akaunti: benki, malipo ya serikali, matokeo ya mitihani, mifumo ya vyuo. Mhudumu hawezi kufungua akaunti inayodai namba ya simu ya Kenya au kitambulisho cha taifa cha Tanzania, na asichoweza kukirudia hawezi kukirekebisha. Usimpe nywila yako, hata akiwa mwema kiasi gani, hataiomba. Mpe mistari ya daftari la kumbukumbu. Na kwa wakati huo unapotaka kulipa na kitufe hakibonyezeki, zima kiendelezi kwenye tovuti hiyo tu. Kitufe kikubwa kinazima kwa tovuti nzima. Ukishikilia Ctrl unapobonyeza, kinazima kwa ukurasa huo peke yake. Lipa, kisha washa tena na uripoti.

Upande wa Chrome, hali imebadilika na huduma haiwezi kubadilisha kilicho mikononi mwa Google. Chrome iliachana na mfumo wa zamani wa viendelezi unaoitwa Manifest V2, ikianza kwa maonyo mwaka 2024 na kuukata kabisa katikati ya 2025. uBlock Origin kamili inategemea mfumo huo. Anayeuliza “kwa nini kimezimwa chenyewe” atapewa majibu mawili ya kweli: hamia Firefox, au tumia uBlock Origin Lite. Lite ni ya Hill vilevile, lakini ni kiendelezi kingine chenye mlango wake wa ripoti, uitwao uBOL-home. Orodha zake zimefungashwa ndani ya kiendelezi, kwa hiyo marekebisho mengi huja na toleo jipya, hayaji kwa saa. Haina daftari kamili wala uwezo wa kuongeza orodha yoyote uipendayo. Kwa mtu anayetaka kuweka na kusahau, inatosha. Kwa anayetaka ile kasi ya marekebisho tuliyoisifu hapo juu, haifanani. Kuripoti tatizo la Lite kama la uBlock Origin huleta mkanganyiko, basi andika jina sahihi.

Kwa simu, njia imara ni Firefox ya Android. Fungua menyu ya nukta tatu, nenda kwenye viendelezi, gusa uBlock Origin, na kidirisha kinafunguka kwa skrini nzima chenye vialama vile vile, puto la maneno likiwemo. Chrome ya Android haipokei viendelezi kabisa. Mwenye bando dogo atazame kwenye mipangilio sehemu ya kuzuia picha na video zinazozidi ukubwa fulani. Kiwango cha kawaida ni kilobaiti 50. Inaokoa data kweli. Ila wiki mbili baadaye ukishangaa kwa nini picha hazionekani, kumbuka uliwasha mwenyewe kabla hujaandika ripoti.

Kasoro za huduma hii zipo na zinastahili kusemwa. Ya kwanza ni lugha. Mazungumzo yote ni ya Kiingereza. Kiolesura chenyewe kina faili la Kiswahili linalotafsiriwa na watu wa kujitolea kupitia Crowdin, tovuti ya kutafsiri kwa pamoja, na yeyote anaweza kujiunga akaongeza au kusahihisha maneno, lakini wiki na majibu ni Kiingereza. Mwenye Kiingereza cha wasiwasi asikwame hapo: sentensi tatu fupi zilizopita kwenye kitafsiri cha mashine zinaeleweka, na kipande cha vipimo pamoja na picha ya skrini havina lugha.

Ya pili ni hiyo akaunti ya GitHub. Kwa mpanga programu ni jambo la kila siku. Kwa mwalimu au muuza duka anayetaka tu kusoma habari bila mabango, ni kikwazo cha kweli, na mradi unapoteza ripoti nzuri kwa sababu yake. Sababu ya kuiweka inaeleweka, maana bila akaunti mlango ungefurika takataka. Hata hivyo anayebaki nje ni yule yule ambaye tovuti zake hazina wa kuzisemea. Njia ya kupita ni mmoja katika kundi, ofisi au familia afungue akaunti, na wengine wampelekee anwani na picha aripoti kwa niaba yao.

Ya tatu ni ukavu wa majibu. Utaandika aya nzima na kujibiwa neno moja, au ripoti ifungwe bila salamu. Kwa mazoea yetu hiyo ni ukosefu wa adabu. Kwao ni kawaida ya kazi. Tazama alama waliyoiweka: ikiwa imefungwa kwa marejeo ya badiliko la msimbo, umetibiwa. Ikiwa imefungwa kama nakala, fuata kiungo cha ripoti ya awali. Ikiwa imeandikwa kwamba hawakuweza kurudia tatizo, hapo bado mlango uko wazi: ongeza mistari ya daftari, taja nchi unayofungulia tovuti, maana matangazo hutofautiana kwa nchi, na useme kama unatumia simu au kompyuta.

Ukishaambiwa limerekebishwa, usikimbilie kusema bado. Fungua kichupo cha orodha za vichujio, bonyeza kusasisha, subiri kialama kiache kuzunguka, rudi kwenye ukurasa na uupakie upya. Likiwa limekwisha, nenda kwenye vichujio vyako ukafute kile ulichojiwekea kwa muda, kisije kikagongana na cha kudumu. Likiwa bado lipo, andika chini ya ripoti ile ile, ukibandika kipande kipya cha vipimo chenye muda mpya wa kusasisha.